Chombo cha diski cha bei nafuu: wanunuzi walivyokihukumu tangu santuri hadi CD

Kila chombo cha kusikilizia muziki kinapofika sokoni hukutana na maswali yale yale. Kinakula pile ngapi? Kitavumilia barabara mbovu? Watu wangapi watasikia pamoja? Kina redio ndani? Kwa familia isiyo na umeme, au iliyokwisha kuhama kijiji mara mbili au tatu ikibeba vitu kichwani, hayo si maswali ya anasa. Pesa ya pile inatoka mfuko mmoja na pesa ya unga.

Historia ya vyombo vya diski vya kubebeka inaonyesha kwamba wanunuzi wa kipato kidogo waliuliza maswali hayo tangu mwanzo. Mara nyingi walikuwa na haki, na viwanda vilichelewa kuwajibu.

Mashine isiyohitaji umeme

Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, alipata hati ya ubunifu wa gramafoni ya sahani bapa mwaka 1887. Mashine za kwanza zilikuwa vitu vya sebuleni, vyenye pembe kubwa ya kutolea sauti. Mwaka 1914 huko Uingereza ikatokea Decca, gramafoni iliyofungwa ndani ya sanduku lenye mshikio. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, askari wa Uingereza waliibeba hadi kwenye mahandaki. Hapo watu waliona kwamba muziki unaweza kumfuata mtu aliye mbali na nyumbani.

Nguvu yake ilitoka kwenye springi. Mtu aliuzungusha mkono wa chuma mara kadhaa, springi ikajikaza, halafu sahani ikazunguka mara 78 kwa dakika. Hakukuwa na pile wala waya. Kwa kijiji kisicho na umeme hiyo ilikuwa faida kubwa, na vyombo vilivyokuja baadaye viliipoteza.

Lakini wasikilizaji walikuwa na malalamiko yao. Upande mmoja wa santuri ya sentimita 25 ulibeba dakika tatu hivi tu, na wimbo ulipoanza kunoga uliisha. Sindano ya chuma ilitakiwa kubadilishwa karibu kila upande, la sivyo ilikwaruza mifereji ya sahani. Santuri zenyewe zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ukiiangusha inavunjika kama sahani ya kulia chakula, na ukiiacha juani inapinda. Santuri kumi zilifikia kilo mbili hivi.

Santuri zaanza kuimba kwa lugha za Kongo

Pamoja na kasoro hizo, gramafoni ya mkono ndiyo iliyoleta muziki wa Cuba Afrika ya Kati. Kuanzia mwaka 1933 santuri za mfululizo ulioitwa GV ziliuzwa katika bandari na miji ya Afrika. Vijana wa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, walisikia humo midundo waliyoona inafanana na ya kwao. Kutokana na kusikiliza huko, pamoja na ngoma na nyimbo za wenyeji, rumba ya Kongo ilipata sura yake. UNESCO iliiandika katika urithi wa binadamu mwezi wa Desemba 2021.

Biashara ilifuata. Mwaka 1948 mfanyabiashara Mgiriki, Nicolas Jéronimidis, alianzisha studio ya Ngoma huko Léopoldville. Mwaka huo huo Wendo Kolosoy na mpiga gita Henri Bowane walirekodi hapo wimbo wa Marie-Louise. Studio ya Loningisa ya Basile Papadimitriou ilifuata mwaka 1950, na humo ndimo Franco alianza kurekodi akiwa bado kijana mdogo.

Upande wa Katanga, Kiswahili nacho kiliingia kwenye santuri. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa akizunguka na mitambo ya kurekodi, alimkuta Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Gita la Mwenda na nyimbo zake za Kiswahili zilisafiri ndani ya santuri hadi Kenya, na wapiga gita wa huko wakajifunza kwa kuziweka tena na tena. Mwanafunzi wa namna hiyo hakuhitaji shule. Alihitaji gramafoni, sindano, na jirani mvumilivu.

Pile zaingia mezani

Baada ya vita vya pili, mabadiliko yalikuja haraka. Mwaka 1948 na 1949 zilitoka santuri za plastiki: kubwa za mizunguko 33 na ndogo za mizunguko 45. Zilikuwa nyepesi na hazikuvunjika kirahisi. Kisha transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, iliwezesha mashine ndogo za pile. Ufaransa ilijulikana kwa masanduku ya Teppaz, na katika miji mingi ya Afrika vijana wa miaka ya 1960 walipiga picha wakiwa wameyashika kama watu wanavyoshika simu mpya leo.

Sauti ilipanda, uzito ukashuka. Lakini springi ilipoondoka, gharama iligeuka. Zamani mtu alinunua mashine mara moja, akaendelea kununua sindano. Sasa alinunua mashine, halafu akanunua pile kila mara. Sherehe ndefu ilimaliza pile, na mwimbaji alianza kuimba polepole kwa sauti nzito, watu wakacheka au wakakasirika.

Mwaka 1963 Philips ilionyesha kaseti huko Berlin. Kwa wasikilizaji wa Kongo kaseti ilijibu karibu kila swali. Haikujali kutikiswa, iliingia mfukoni, na kila mtu aliweza kurekodi mwenyewe: kwaya ya kanisa, harusi, hata barua ya sauti kwa ndugu aliye mbali. Utepe ukitoka, kalamu ya bic iliurudisha. Mwaka 1979 Sony ilitoa Walkman, na msikilizaji akatembea na muziki wake peke yake.

1984: diski yarudi

CD ilianza kuuzwa Japani tarehe 1 Oktoba 1982. Ilikuwa na upana wa sentimita 12, ilibeba dakika 74, na haikuguswa na sindano. Mwali wa leza ndio uliosoma alama ndogo sana zilizo ndani yake. Mashine ya kwanza ya Sony iliuzwa yen 168,000, bei iliyowashinda hata Wajapani wengi. Wanunuzi walisema sauti ni safi lakini bei haishikiki, na biashara ikasuasua.

Mhandisi Kozo Ohsone alipewa kazi ya kupunguza vyote viwili, ukubwa na bei. Alikata kipande cha mbao chenye upana wa sentimita 13 na kidogo na unene wa sentimita 4, akawaambia mafundi wake kwamba mashine lazima iingie humo. Mwezi wa Novemba 1984 ikatoka D-50, kwa yen 49,800, chini ya theluthi moja ya bei ya kwanza. Watu walioikataa CD wakaanza kuinunua.

Hata hivyo, neno la kubebeka lilikuwa na walakini. D-50 haikuwa na nafasi ya pile ndani yake. Aliyetaka kutembea nayo alinunua kasha la pembeni, akatia pile sita za ukubwa wa kati, akalibeba begani kama mkoba. Gramafoni ya mwaka 1914 ilikuwa nzito zaidi, lakini haikudai pile hata moja.

Malalamiko manne

Katika miaka ya 1990 bei iliendelea kushuka, na viwanda vingi vya Asia vikaanza kutoa vyombo vya CD vya bei ya chini. Maoni ya wanunuzi duniani kote yalikusanyika kwenye mambo manne.

La kwanza ni kuruka. Leza inafuata mstari mwembamba sana, na hatua moja ya mguu inatosha kuipoteza njia. Aliyekimbia na chombo hicho, au aliyekaa nacho kwenye gari lenye kurukaruka, alisikia wimbo vipande vipande. Dawa iliyopatikana ilikuwa kumbukumbu ya ndani: mashine inasoma diski mbele kwa haraka, inahifadhi sekunde chache, na ikitikiswa inatoa sauti kutoka ghalani. Mwanzoni zilikuwa sekunde 3, baadaye 10, halafu 40 na zaidi. Vyombo vya bei ya chini kabisa viliuzwa bila ghala hilo.

La pili ni pile. Dawa ya kuruka iliongeza ugonjwa huu, kwa sababu kusoma haraka kunakula nguvu zaidi. Wengi walizima kinga hiyo wakiwa wamekaa, ili pile mbili ziwafikishe mwisho wa juma.

La tatu ni udhaifu wa mwili. Mfuniko ulilegea, tundu la waya wa masikioni likapoteza mgusano, sauti ikabaki upande mmoja. Vumbi likitua kwenye lenzi, mashine ilizungusha diski na kuonyesha kwamba haina kitu. Kitambaa laini kikavu kiliweza kuisafisha. Kidole kiliiharibu zaidi.

La nne lilitoka kwa wale wanaosikiliza kwa pamoja: chombo hiki kilikuwa cha mtu mmoja. Hakikuwa na spika, na vingi havikuwa na redio. Katika nyumba ambayo baba anataka habari, mama anataka nyimbo za kanisa na watoto wanataka kucheza, kifaa cha masikio mawili hakikuwa na mahali.

Kuelekea mwaka 2000 vilitoka vyombo vinavyosoma diski zilizojazwa nyimbo za MP3. Diski moja ya megabaiti 700 iliweza kubeba karibu saa 12 za muziki wa ubora wa kawaida, mahali pa dakika 74. Mashine ilisoma kidogo, ikasimamisha diski, ikacheza kutoka ghalani, na hivyo pile zikadumu zaidi. Ilikuwa jibu zuri, lakini simu zenye kadi ya memori zilikuwa njiani.

Mashariki mwa Kongo ilivyoamua

Watu wa mashariki mwa Kongo walipima vyombo hivi kwa mizani yao wenyewe. Redio-kaseti, na baadaye ile yenye mlango wa CD juu, ilipendwa kuliko chombo cha masikioni, kwa sababu iliwasikilizisha wote na ilikuwa na redio. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka na kuchoma sehemu kubwa ya Goma. Tarehe 25 Februari mwaka huo huo Radio Okapi ilianza kutangaza, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake. Kwa mtu anayetafuta habari za barabara, za vita au za ndugu waliopotea, chombo kisicho na redio kilikuwa nusu ya chombo.

Diski yenyewe haikukataliwa. Iliingia kwa mlango mwingine, ule wa diski za picha. Kwaya, wanamuziki na wapiga picha za harusi walitoa kazi zao kwenye VCD na DVD, na familia zikaziweka kabatini pamoja na vyeti na picha. Baadaye zikaja redio ndogo zenye tundu la flashi na la memori kadi, zinazochajiwa kwa jua. Ndizo zilizojibu maswali manne kwa mara moja: haziruki, hazidai pile kila wiki, zina spika, zina redio. Na zinauzwa kwa bei ambayo watu wanaweza kuzungumza.

Kilichobaki kabatini

Limebaki jambo moja ambalo wanunuzi wa zamani hawakuulizwa. Vyombo vya kusomea diski vinazidi kuwa vichache, lakini diski bado zipo, na humo kuna sauti za watu ambao wengine hawapo tena. Diski iliyochomwa nyumbani hutegemea tabaka la rangi linaloharibiwa na jua na joto. Watu wengi huogopa mikwaruzo ya upande wa chini, lakini kwa CD na VCD upande wa juu, wenye maandishi, ndio dhaifu zaidi, kwa sababu tabaka lenye kung'aa liko pale karibu sana na uso. Kusafisha kunafanywa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha.

Kompyuta yenye mlango wa diski, kama zile za vibanda vinavyojaza nyimbo kwenye simu, inaweza kuhamisha diski nzima hadi kwenye flashi au memori kadi kwa dakika chache. Kadi nayo inakufa na inapotea, hasa siku ya kukimbia. Kwa hiyo nakala mbili ni bora kuliko moja, na nakala ya pili ikae kwa ndugu wa mji mwingine. Familia zilizoacha nyumba usiku zinajua kabati halibebeki, lakini kadi ndogo inaweza kushonwa kwenye pindo la nguo.