Si Rahisi: Albamu ya Roki Iliyoimbwa Kijaluo, na Kwa Nini Inatuhusu Sisi wa Masaku

Kuna ubishi mmoja hauishi hapa Masaku. Ukisema unaskiza roki, kuna msee atakwambia hizo ni kelele za wazungu, ama za watoto wa Nairobi wenye pesa ya kununua gita. Ukisema unaskiza benga, mwingine atakuuliza kama umerithi kofia ya umau wako. Yaani gita ni moja, nyuzi ni zile zile, lakini tumeigawanya. Kuna gita ya kijana msoma vitabu aliyevaa nyeusi, na kuna gita ya mzee kwa baa saa nne usiku.

Mimi nasema huo mgawanyo ni uongo, na ushahidi wangu ni albamu moja tu. Inaitwa Ok-Oyot System. Bendi inaitwa Extra Golden. Ilitoka 2006, wakati wengi wenu mlikuwa bado mnabebwa mgongoni, mimi nikiwa mmoja wenu.

Ok oyot ni Kijaluo. Maana yake: si rahisi. Mkimaliza kusoma mtajua hilo jina halikuwekwa kwa mapambo.

Stori yenyewe ni hivi. Kulikuwa na Mmarekani anaitwa Ian Eagleson, mwanafunzi wa masomo ya muziki, aliyekuja Kenya kufanya utafiti wa benga kwa ajili ya shahada ya udaktari. Huko kwao alikuwa anapiga gita kwa bendi ya roki inaitwa Golden, pamoja na rafiki yake Alex Minoff. Hapa Nairobi akajuana na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gita wa bendi ya benga inaitwa Orchestra Extra Solar Africa. Mpiga ngoma wao alikuwa Onyango Wuod Omari. Sasa chukua Extra ya huku, chukua Golden ya kule, unganisha. Hiyo ndiyo Extra Golden. Jina lenyewe ni hesabu ya kujumlisha.

Mwaka wa 2004 Minoff akakuja Kenya, wakakaa chini wanne hao, wakarekodi hapo Nairobi. Usifikirie studio kubwa yenye vioo na kochi la ngozi. Walitumia vifaa vya kubebeka, vile mtu anaingiza kwa begi na kutoka navyo. Kwa hivyo ukiona mahali wameiita albamu ya studio, cheka kidogo. Ni albamu ya studio isiyokuwa na studio. Wewe mwenye laptopu na maiki ya kukopa kule Mumbuni, uko kwenye ukoo huo huo.

Ngoma ni sita tu. Zingine ni za Kijaluo, zingine za Kiingereza. Moja inaitwa Osama Rach, yaani Osama ni mbaya, na Mkenya hahitaji kuelezwa mbona jina hilo linauma: tarehe 7 Agosti 1998 zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi. Nyingine inaitwa Ilando Gima Onge, unatangaza kitu ambacho hakipo. Hiyo peke yake ni maisha yetu ya mtandaoni, na iliimbwa kabla hatujajua mtandao ni nini.

Lakini kitu kilichonishika si maneno. Ni urefu. Hizi ngoma hazina haraka. Zinaanza, zinaimba, halafu magita yanaanza kuongea na hayaachi. Kuelewa kwa nini hiyo ni kitu kubwa, lazima turudi nyuma kidogo mpaka enzi za santuri.

Benga ya wazee wetu haikukua kwa albamu. Ilikua kwa santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja unabeba dakika tatu, nne hivi. Sasa benga halisi, ile ya ukumbini, haitoshei hapo. Ina sehemu ya kuimba, halafu ina ile sehemu watu wanaingojea, mwimbaji ananyamaza, besi inapanda juu, gita la kwanza linazunguka neno moja mpaka linakuwa moto. Maprodyuza walifanya nini? Walikata wimbo katikati. Sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Unaskiza hadithi, inafika mahali tamu, inakatika. Unainuka, unageuza santuri, unaweka sindano, ndio uendelee.

Fikiria kizazi kizima cha wapiga gita waliorekodiwa wakiwa wamekatwa mara mbili. Utamu wao mwingi haukuingia kwa rekodi. Ulibaki ukumbini, na ukumbi ukifungwa umeisha.

Na hapo ndipo sisi Wakamba tunaingia. Benga ilizaliwa upande wa ziwa, kwa watu waliochukua mdundo wa nyatiti, ile ala ya nyuzi nane, wakauhamishia kwa gita. Lakini haikukaa huko. D. O. Misiani na Shirati Jazz wakaivumisha, ikapanda milima, ikafika Ukambani, na ilipofika hapa tukaibadilisha. Kakai Kilonzo akatoka upande wa Kilimambogo, hapo kwa ule mlima wa nyati tunaouita pia Ol Donyo Sabuk, ndani ya kaunti hii yetu, akaunda Kilimambogo Brothers. Aliimba Kikamba, lakini aliimba Kiswahili pia, na ndiyo maana watu wasiojua hata salamu ya Kikamba walinunua santuri zake. Magita ya Kikamba yana ile sauti nyembamba ya juu, moja inaongoza, nyingine inaifuata kwa chini kama mtu na kivuli chake. Kakai alifariki 1987. Mtoto wa Masaku aliyezaliwa miaka ya 2000 anajua jina la mpiga gita wa bendi ya Seattle na hamjui Kakai. Sisemi hivyo kumchokoza mtu. Nasema kwa sababu nyumba ya Kakai iko karibu kuliko Seattle.

Turudi kwa Extra Golden. Walichofanya wale wanne ni kuacha wimbo wa benga ukae urefu wake wote. Hakuna kugeuza upande. Ukiskiza vizuri utagundua kitu: ile sehemu ya pili ya benga, ile ya magita kuzunguka bila haraka, ndiyo kitu kile kile bendi za roki mbadala za Marekani zilikuwa zinatafuta miaka hiyo. Kurudia mpaka kurudia kuwe raha. Wapiga gita kuskizana badala ya kila mtu kujionyesha. Ndiyo maana hawa Wamarekani wawili hawakusikika kama wageni kwenye Kijaluo, na ndiyo maana Otieno hakusikika kama mgeni kwenye roki. Hawakuchanganya vitu viwili tofauti. Walikutanisha ndugu waliolelewa nyumba tofauti.

Albamu ilitolewa na Thrill Jockey, lebo huru ya Chicago, ile ile iliyotoa rekodi za Tortoise. Sasa hapa ndipo stori inakuwa nzito.

Otieno Jagwasi hakuiona. Aliugua, akafariki 2005. Albamu yenye sauti yake ilitoka mwaka uliofuata.

Kaa na hiyo kidogo. Huyu ni mtu aliyekuwa anapiga muziki usiku ili kesho yake kuwe na unga. Msanii wa baa Kenya hana mshahara, hana bima, hana pensheni. Akiugua, bendi inachangishana. Ameimba maisha yake yote kwa watu wanaoongea juu ya sauti yake wakiagiza moja baridi. Halafu mara moja, mwaka wa 2004, anaweka sauti kwa mashine, ngoma ndefu, zisizokatwa, anaondoka. Ngoma kwenye hiyo albamu inasema si rahisi, na aliyeimba hakuwa anaigiza.

Bendi haikufa naye. Opiyo Bilongo, mwanabenga mwenye jina lake tayari, akaingia. Mwaka huo wa 2006 wakaalikwa Chicago kwenye tamasha la muziki wa dunia, na wakagonga ukuta ambao kila msanii wa Kenya anaujua: viza. Aliyesaidia ni ofisi ya seneta wa jimbo la Illinois, ambako Chicago iko. Seneta mwenyewe alikuwa Barack Obama. Albamu yao ya pili, Hera Ma Nono, mapenzi ya bure, ikatoka 2007, na ndani yake kuna wimbo unaitwa Obama. Kenya nzima ilimwimbia Obama alipokuwa anagombea urais 2008. Hawa walimtangulia, na sababu yao ilikuwa ya kawaida kabisa: viza zilipatikana. Kwa benga hiyo ni mila. Mtu akikufaa, unamtaja jina kwa wimbo, awe fundi wa baiskeli ama awe seneta.

Halafu ikaja Desemba 2007. Kura, matokeo, moto. Hakuna haja niwakumbushe, wazazi wetu bado wakiongea juu ya hiyo Januari wanashusha sauti. Watu wa bendi walioko Kenya waliguswa kama kila mtu, na marafiki wa nje wakatuma msaada. Albamu ya tatu, ya 2009, ikaitwa Thank You Very Quickly. Kichwa chenyewe ni shukrani. Kwa hivyo ukizipanga hizo albamu tatu unapata historia ya Mkenya wa kawaida ya miaka mitano: kifo, viza, vita vya kura. Hakuna kitabu cha shule kimenipa hiyo miaka hivyo.

Najua kuna mtu tayari anaandika kwa maoni: si ni wazungu walikuja kuchukua muziki wetu? Swali ni halali, na silikwepi. Ni kweli rekodi ilitolewa Chicago, si River Road. Ni kweli mwenye pasipoti ya bluu ndiye alikuwa na nafasi ya kuzunguka akitafuta lebo. Lakini angalia pia vile kazi ilifanywa. Otieno yuko mbele akiimba lugha yake, hakuwekwa nyuma kama pambo. Jina la bendi limebeba bendi yake. Na Eagleson hakupita tu kama mtalii: aliendelea na ule utafiti wa muziki wa Wajaluo mpaka akaumaliza kama tasnifu.

Kinachoniuma mimi ni kingine. Ni kwamba tunajua sauti ya Otieno kwa sababu mtu mmoja alikuja na vifaa kwa begi kabla hajafa. Mwaka mmoja baadaye angekuwa amechelewa. Na wale ambao hakuna mtu alikuja?

Nilitoka chuo bila cheti, kwa hivyo sitawaambia mambo ya nadharia. Nitawaambia ninachokiona. Hapa Machakos, Kangundo, Tala, Matuu, kuna wazee walioshika gita miaka ya sabini na themanini. Wengine walipiga nyuma ya majina makubwa na hawakuandikwa popote. Wengine wana santuri chini ya kitanda, zimefungwa kwa gazeti, na siku ya mazishi watoto wanazitoa pamoja na takataka. Sisi tuna simu zinazorekodi sauti safi kuliko mashine nyingi walizorekodiwa nazo wakiwa vijana. Tunarekodi chakula. Tunarekodi tukicheka. Umau amekaa pale nje na nyimbo hamsini kichwani na hakuna anayebonyeza kitufe.

Sisemi kila mtu aanzishe bendi. Ingawa mkianzisha, tafadhali, msiige tu lafudhi ya watu wa California. Parking Lot Grass na Murfy's fLaw walishatuonyesha kwamba Mkenya anaweza kusimama na roki yake jukwaani Nairobi. Hatua inayofuata iko wazi: chukua ile gita nyembamba ya Kilimambogo, iache izunguke dakika nane, weka ngoma nzito chini yake, imba Kikamba ama Kiswahili ama hata Sheng. Ikikataa, jaribu tena. Jina la albamu lilishasema.

Kwa sasa nawapa kazi mbili. Ya kwanza: tafuteni Ok-Oyot System, muiskize yote mara moja, bila kuruka, na spika nzuri ama earphone zote mbili masikioni. Ngoja magita yaanze kuongea. Ya pili: wikendi hii ukienda ushago, muulize susu ni bendi gani walikuwa wanachezea akiwa msichana, na ni nani kijijini alikuwa anapiga. Kama bado yuko hai, nenda kwake na simu yenye chaji. Mwambie asikate wimbo. Mwambie apige wote.