Alfabeti ya Kituruki: Nukta si Pambo

Jina la Recep Tayyip Erdoğan, aliyeingia urais wa Uturuki mwaka 2014, aghalabu huharibiwa mara mbili na wasomaji wa habari. Recep husomwa "Resepu" ilhali Waturuki hutamka "Rejep"; ni lile lile jina la Rajabu. Na katika Erdoğan, g haisikiki kamwe: "Erdo-an".

Alfabeti hiyo ina herufi 29, yaani irabu nane na konsonanti 21. Iliidhinishwa na bunge tarehe 1 Novemba 1928, wakati wa utawala wa Mustafa Kemal, aliyekuja kuitwa Atatürk. Awali Kituruki kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, kama ilivyokuwa kwa Kiswahili katika pwani yetu. Mageuzi yalikuwa ya ghafla mno. Magazeti yalitakiwa kuziacha hati za zamani mwezi mmoja tu baadaye, na vitabu kuanzia Januari 1929. Msomi wa jana aliamka akiwa mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Kwa Mswahili, konsonanti hazina taabu kubwa. C ni j: cuma, yaani Ijumaa, hutamkwa "juma". Ç ni ch, kama katika çay (chai), na Ş ni sh. J nayo si j yetu, bali ni ile sauti nyororo inayoanza jina la Kifaransa Jacques. Ğ haianzi neno. Mara nyingi hurefusha tu irabu iliyoitangulia, hivi kwamba dağ (mlima) husikika "daa".

Ugumu umo katika irabu tatu zisizokuwamo katika Kiswahili. Ili kutamka Ö, mtu huanza kusema e huku ameviringa midomo kana kwamba anasema o. Ü ni i inayosemwa kwa midomo ya u. Kisha ipo ı isiyo na nukta: hiyo ni kama u inayotamkwa bila kuviringa midomo. Ndiyo sababu hata İ kubwa ya jina İstanbul huwekwa nukta.

Asiyezijali nukta hizo ataumbuka. Oldu ni "imekuwa", öldü ni "amekufa". Sinir ni neva, sınır ni mpaka.

Herufi Q, W na X hazimo. Teksi huandikwa taksi. Kwa Wakurdi wa Uturuki, ambao lugha yao huzitumia, upungufu huo haukuwa jambo dogo. Sikukuu yao ya mwaka mpya huiandika Newroz, ilhali serikali huandika Nevruz, na kwa miaka mingi w hiyo moja iliweza kumfikisha mwandishi kortini. Adhabu ya kukiuka sheria ya herufi ilifutwa mwaka 2014, ingawa alfabeti yenyewe ingali na herufi zile zile 29.