Pumzi ya bunduki: Jinsi gesi na bafa zilivyoiponza M16 nchini Vietnam

MWEZI Mei mwaka wa 1967, mbunge James Howard wa jimbo la New Jersey alilisomea Bunge la Marekani barua ya mwanajeshi wa Marine aliyekuwa vitani Vietnam. Mwandishi wake alilalamika kwamba bunduki mpya aina ya M16 ziliwakwama mikononi katikati ya mapigano, na kwamba baadhi ya wenzake walikutwa wamekufa, silaha zao zikiwa zimefunguliwa kando yao walipokuwa wakijaribu kuzirekebisha. Ilikuwa baada ya vita vikali vya vilima karibu na Khe Sanh, na wanajeshi hao walikuwa wamekabidhiwa bunduki hizo majuma machache tu awali.

Ili kufahamu kilichoharibika, sharti kwanza msomaji aelewe jinsi bunduki inayojipakia risasi yenyewe inavyofanya kazi.

Risasi inapofyatuliwa, baruti huungua na kuzaa gesi yenye shinikizo kubwa mno. Gesi hiyo ndiyo inayoisukuma risasi katika mtutu, au kasiba, kama walivyozoea kusema wazee wetu. Katika M16, kuna tundu dogo ubavuni mwa mtutu, kuelekea mdomoni. Risasi ikishalipita tundu hilo, sehemu ya gesi huchepuka, ikaingia katika mrija mwembamba wa chuma cha pua na kurudi nyuma hadi kwenye kibebeo cha komeo. Komeo ni kile chuma kinachoifunga chemba wakati wa kufyatua. Gesi hukisukuma kibebeo nyuma, kibebeo hulizungusha komeo hadi likafunguka, ganda tupu hung’olewa na kutupwa nje. Mfumo huu ulibuniwa na mhandisi Eugene Stoner wa kampuni ya ArmaLite, aliyeombea hataza mwaka wa 1956.

Nyuma ya kibebeo, ndani ya kitako cha bunduki, mna springi ndefu na kipande cha uzito kiitwacho bafa. Hivi viwili hukipokea kibebeo kinapokuja kwa kasi, vikakituliza, kisha vikakirudisha mbele kikiwa na risasi mpya kutoka magazini.

Hapo ndipo penye siri yote. Gesi ikipungua, kibebeo hakifiki mwisho wa safari yake, na risasi inayofuata haipakiwi. Gesi ikizidi, komeo hufunguka mapema kupita kiasi, ganda la shaba likiwa bado limefura na kuganda kwenye kuta za chemba. Kucha inayolivuta hukata ukingo wa ganda, au huponyoka, na ganda likabaki ndani. Mpiganaji hana budi kulisukuma kwa ufito kutoka mdomoni mwa mtutu, kana kwamba ameshika gobore la karne iliyopita. Ufito wenyewe, kwa wengi waliokuwa Vietnam, haukuwapo.

Uzito wa bafa ndio mizani ya upande wa pili. Bafa nzito hukichelewesha kibebeo kidogo, muda usiozidi kupepesa jicho, ili shinikizo lishuke na ganda linywee. Ikiwa nyepesi mno, mambo huenda mbio. Ikiwa nzito mno kwa kiasi cha gesi kilichopo, bunduki huchoka kabla ya kumaliza kazi.

Stoner alikuwa amelipima tundu la gesi na bafa kwa baruti ya vijiti iliyotengenezwa na kampuni ya DuPont. Lakini mnamo 1964, baada ya watengenezaji kulalamika kwamba ilikuwa vigumu kufikia kasi ya risasi iliyotakiwa na jeshi bila kuvuka kiwango cha shinikizo, idara ya silaha ya jeshi iliidhinisha baruti ya chembe za mviringo kutoka Olin Mathieson. Baruti hiyo ilikuwa imetumiwa kwa miaka mingi katika risasi nyingine bila lawama. Tatizo ni kwamba iliungua kwa namna tofauti: shinikizo lilikuwa kubwa zaidi pale kwenye tundu la gesi. Kasi ya ufyatuaji ilipanda ikavuka kikomo cha risasi 850 kwa dakika, nyakati nyingine ikakaribia 1,000. Isitoshe, chokaa iliyotiwa ndani yake kuzima asidi iliacha utando katika mrija wa gesi.

Stoner aliieleza kamati ya Bunge kwamba maoni yake yaliombwa baada ya uamuzi kupitishwa.

Kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo ni vigumu kulisoma bila kukunja uso. Bunduki zilipokuwa zikikaguliwa kiwandani Colt kabla ya kupokewa na jeshi, iliruhusiwa kutumia risasi za baruti ya zamani, kwa kuwa zile mpya zingezifanya nyingi zishindwe kwenye mtihani wa kasi. Bunduki ikafaulu kwa baruti moja na kupelekwa vitani kutumia nyingine.

Kamati hiyo, chini ya mbunge Richard Ichord wa Missouri, ilitoa ripoti yake Oktoba 1967 na kusema kwamba mwenendo wa waliosimamia mpango huo ulikaribia uzembe wa kihalifu.

Marekebisho yalikuwa yameanza. Bafa ya awali, iliyokuwa nyepesi, ilibadilishwa kwa nyingine nzito yenye vipande vya chuma vinavyoteleza ndani yake. Kibebeo kinapogonga mbele, vipande hivyo hufuata nyuma yake na kukizuia kisidunde. Chemba ilianza kupakwa kromu ili isishike kutu katika unyevu wa Vietnam. Chokaa katika baruti ilipunguzwa. Vifaa vya kusafishia vilisambazwa, na mwaka wa 1968 wanajeshi wakapewa kijitabu cha matunzo kilichochorwa kama katuni na msanii Will Eisner.

Somo la gesi na bafa lilirejea bunduki ilipofupishwa. Mtutu wa M16 una milimita 508, ule wa M4 una milimita 368, na tundu la gesi limesogezwa karibu zaidi na chemba ambako shinikizo na joto ni vikali. Hivyo bafa ya kawaida ya bunduki fupi, yenye gramu 85 hivi, ilipisha nyingine ya takriban gramu 108, ambayo kipande chake kimoja cha chuma kimebadilishwa kwa tangsteni. Kizuia sauti kikifungwa mdomoni, gesi hurudi nyuma kwa wingi zaidi na hesabu huanza upya.

Wengine walichagua njia tofauti. FAL ya Ubelgiji ina kirekebishi anachoweza kukizungusha askari mwenyewe, akapunguza au kuongeza gesi kulingana na uchafu na risasi alizo nazo. AK ya Urusi hupewa gesi ya ziada makusudi, ikaachiwa nafasi pana kati ya vyuma vyake ili mchanga usiikwamishe, na gharama yake ni mtikiso.

Ama G3 ya Ujerumani, ambayo Wakenya wameizoea mabegani mwa polisi wetu, haina tundu la gesi kabisa. Komeo lake hucheleweshwa na magurudumu mawili madogo, na chemba imechongwa mifereji 12 ili gesi ipenye kando ya ganda na kulizuia lisigande. Ndiyo maana ganda lake likiokotwa huwa na mistari myeusi ubavuni. Fundi wa G3 hapimi gesi. Hupima pengo kati ya kichwa cha komeo na kibebeo chake, ambalo halipaswi kuzidi nusu milimita, na likipungua mno hubadilisha magurudumu.