Jinsi ya kuwasha TPM kabla ya kupokea Windows 11

TARAKILISHI inayokataa Windows 11 huenda haijazeeka, bali kifaa chake cha usalama, TPM, kimezimwa tu. Kazi ya kifaa hicho ni kuhifadhi funguo za siri zinazolinda data.

Kampuni ya Microsoft ilipozindua mfumo huo Oktoba 5, 2021, toleo la 2.0 la TPM lilikuwa miongoni mwa masharti. Suala hilo lilipata uzito zaidi Oktoba 14, 2025, muda wa kawaida wa kuhudumia Windows 10 ulipokamilika.

Ili kujua hali ya kifaa, mwenye tarakilishi hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha huandika tpm.msc. Kikiwa kimezimwa, huwashwa katika mipangilio ya UEFI, ambayo aghalabu hufunguliwa kwa kubonyeza F2 au Delete mashine inapoanza kuwaka. Katika mashine za Intel kifaa huitwa PTT. Katika za AMD, fTPM.

Hata hivyo, iwapo diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa dharura wenye tarakimu 48 unakiliwe kwanza na kuwekwa kando. Aidha, amri ya kufuta yaliyomo katika TPM isiguswe. Anayeitekeleza bila nakala hiyo huenda asizione tena faili zake.