Unene, Kukonda na Hiari: Mjadala wa Kupunguza Uzito kwa Mtazamo wa Historia ya Kasulu

Utetezi wa haki za watu wanene ulipata sura ya harakati nchini Marekani, kilipoundwa chama cha NAAFA mwaka 1969. Mwaka 1973 Judy Freespirit na Aldebaran walitoa ilani iliyoitaja biashara ya kupunguza uzito kuwa adui. Tangu hapo pamekuwapo mvutano: je, anayejipunguza uzito kwa makusudi ameisaliti harakati, au ametumia haki yake juu ya mwili wake? Watabibu nao huingiza hoja ya kisukari na shinikizo la damu. Pande zote huchukulia kwamba kupunguza uzito ni uamuzi wa mtu binafsi. Insha hii inadai kwamba dhana hiyo haitoshi kuielezea Kasulu.

Ni rahisi kujibu kwamba Waafrika wameupenda unene tangu zamani. Ushahidi unaorejelewa mara nyingi ni wa Speke, aliyefika Karagwe mwaka 1861 na kumpima kwa utepe mwanamke wa ukoo wa kifalme aliyeneneshwa kwa maziwa. Hata hivyo, unene huo ulikuwa alama ya tabaka lenye ng'ombe wengi. Hauwezi kufanywa kanuni ya wakulima wa Buha.

Kwa Waha, historia ya mwili iliandikwa zaidi na kazi. Rodney, Tambila na Sago (1983) wanaonesha jinsi Kigoma ilivyofanywa hifadhi ya vibarua wa mashamba ya mkonge. Manamba alithaminiwa kwa nguvu zake. Kukonda kwake kulikuwa gharama ya kazi, wala si chaguo.

Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, iliendeleza upimaji wa aina nyingine. Kwa kigezo cha sasa, mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzingo wa mkono wake ni chini ya sentimita 11.5 huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali. Mwezi Agosti 2017 mgawo wa chakula wa wakimbizi nchini ulishuka hadi asilimia 62 ya kilokalori 2,100 zinazohitajika kwa siku. Hapo uzito hupunguzwa na ukosefu wa fedha za wafadhili.

Kukonda kulibeba pia maana ya UKIMWI. Mwaka 1985 Serwadda na wenzake waliueleza ugonjwa ambao wananchi wa Uganda waliupa jina kutokana na kukonda. Katika ukanda huu, aliyepungua alishukiwa hata kabla ya kupimwa.

Ushauri wa kupunguza uzito unatolewa juu ya kumbukumbu hizo. Haja yake si ya kubuni: utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wana uzito uliozidi. Lakini mgonjwa anayesita huenda hapingi tiba. Huenda anaogopa macho ya majirani. Harakati za Marekani zinafundisha kwamba mtu mnene hapaswi kudhalilishwa. Kasulu inaongeza sharti lililotangulia: hiari ya kupungua ina maana pale tu ambapo mtu ana uhakika wa kula, na ambapo kupungua kwake hakusomwi kama hukumu.