Kutoka Reli hadi Mkongo: Njia za Biashara Ainabkoi

Mji wa Eldoret, unaotegemea mashamba ya Ainabkoi na maeneo jirani, ulichipuka kutoka ofisi ya mawasiliano, yaani posta iliyofunguliwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64, na kwa sababu hiyo wenyeji waliuita Sisibo, matamshi yao ya nambari hiyo kwa Kiingereza. Mizigo yake ilivutwa na maksai kutoka stesheni ya Londiani hadi mwaka 1924, reli ilipofika mjini baada ya kupanda Timboroa na kupita Ainabkoi, ikiwafaidi kwanza walowezi ambao mashamba yao yalikuwa karibu nayo.

Mkongo wa intaneti, yaani waya wenye nyuzi za kioo zinazopitisha taarifa kwa mwanga, ulifuata desturi hiyohiyo ya kumfaa kwanza aliye karibu. Hadi mwaka 2009 Kenya iliwasiliana na dunia kwa setilaiti, ambazo ishara zake zilipanda takriban kilomita 36,000 angani kabla ya kushuka, kwa gharama kubwa na kwa kuchelewa. Mwaka huo mikongo ya SEACOM na TEAMS, huu wa pili ukitokea Fujairah, ilitua Mombasa. Wanauchumi Jonas Hjort na Jonas Poulsen, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwamo, walilinganisha maeneo yaliyo karibu na mikongo ya nchi kavu na yaliyo mbali nayo, wakabaini kwamba ajira iliongezeka katika yale ya karibu, hasa katika kazi zinazohitaji ujuzi.

Hata hivyo, si kila sifa ni ya mkongo. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyomwezesha mkulima kulipwa bila kupanga foleni benki, ilianza mwaka 2007, kabla ya mikongo hiyo, tena katika simu za kawaida zisizo na intaneti. Aidha, kwa mkulima wa viazi, kujua bei ya Nairobi papo hapo hakumsaidii sana ikiwa bei hiyo ni ya gunia na dalali ndiye anayeamua ukubwa wake: lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kichwa cha wavu na kushindiliwa kupita kiasi, haikudhibitiwa na kasi ya mtandao bali ilihitaji kanuni za mwaka 2019, zilizoweka kikomo cha kilo 50, na mizani ya kuzitekeleza shambani.