Kutoka Kundi hadi Ukoo: Kalamashaka na Fasihi Simulizi ya Dandora

Katika taaluma yetu imezoeleka kuutazama mtaa wa mjini kama mahali ambapo fasihi simulizi iliyotoka mashambani au pwani hufika ikafifia, si mahali panapoizaa. Wanafunzi hutumwa Kwale, Lamu au Kitui kukusanya data. Ni nadra wakatumwa Dandora, ingawa safari yake ni ya matatu moja tu. Makala haya yanachunguza historia ya kundi lililozaliwa katika mtaa huo, Kalamashaka, na kudai kuwa kugeuka kwake kutoka kundi la watu watatu hadi ukoo wa wasanii wengi hakuelezeki kwa historia ya biashara ya muziki peke yake. Kulikuwa pia ni mabadiliko ya utanzu: wimbo wenye watunzi wanaojulikana ulielekea kuwa utungo wa jamii.

Dandora haikuchipuka yenyewe. Ni zao la mradi wa makazi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 1975, ambapo ploti zipatazo 6,000 ziligawiwa watu wa kipato cha chini. Mgawiwa alipata kipande cha ardhi chenye maji na choo. Vyumba alijijengea kwa mkopo, na wengi walivipangisha ili wamudu kuulipa. Matokeo yake ni ua mmoja wenye wapangaji wa makabila mbalimbali, wanaogawana bomba moja na ambao watoto wao hawana lugha moja ya mama. Jaa kuu la taka za Nairobi nalo limekuwa jirani yao tangu miaka ya 1970. Waandishi wengi hulikimbilia jaa hilo kila wanapoieleza sanaa ya Dandora, kana kwamba uvundo unatosha kumfanya mtu kuwa malenga. Mimi naona ua ndio uliokuwa muhimu zaidi. Ndani yake Sheng haikuwa pambo wala uasi. Ilikuwa lugha ya kuombea maji.

Kalamashaka, yaani Kama, Johnny na Roba, walianza kusikika katikati ya miaka ya 1990. Huko Dar es Salaam, Saleh Jabir alikuwa ameshathibitisha mwaka 1991 kwamba rap inaweza kughanwa kwa Kiswahili, na Kwanza Unit wakafuata. Nairobi ilichelewa. Vijana wengi waliojaribu sanaa hiyo waliiga Kiingereza cha Marekani, na hata Capital FM ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1996, muziki wa ng'ambo ndio uliotamba hewani. Kwa hivyo ufanisi wa "Tafsiri Hii" mwaka 1997, wimbo wa Kiswahili na Sheng juu ya maisha ya dhiki mtaani, haukuwa jambo dogo. Huo ulikuwa pia mwaka wa maandamano ya kudai mageuzi ya katiba na wa uchaguzi mkuu.

Tuanze na majina, kwani hapo ndipo ufundi wa kundi unapojitokeza kwanza. Jina Kalamashaka husomeka "kala mashaka": ni umbo la kitenzi lililodondosha kiambishi cha nafsi, kama lilivyozoeleka katika tungo za kale za Kiswahili. Aliyekula mashaka hatajwi. Anaweza kuwa msanii au msikilizaji. Nacho kichwa "Tafsiri Hii" ni amri. Kinafanya kazi ya fomula ya mtegaji wa kitendawili, ambaye hatoi fumbo lake mpaka hadhira ikubali kutegwa. Wahakiki wanaodai kuwa rap ni sanaa ya kukopa wana haki kuhusu mdundo. Uhusiano wa fanani na hadhira, hata hivyo, haukukopwa.

Albamu yao, Ni Wakati, ilitoka mwaka 2001. Kwa maoni yangu ndiyo kazi yao iliyosukwa kwa makini zaidi, na urari wa vina wake unastahili kuchambuliwa mstari kwa mstari. Ila kufikia hapo, wasanii wengine wa mtaani, wakiwemo Mashifta na Wenyeji, walikuwa wamekusanyika kandokando ya wale watatu chini ya jina la Mau Mau. Kuungana kwao na Ukoo Flani, kundi lililoanzia Mombasa likiwa na Sharama miongoni mwa viongozi wake, kulizaa Ukoo Flani Mau Mau. Jina hilo limebeba mengi. Chama cha Mau Mau kilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1950, na marufuku hayo yaliondolewa mwaka 2003 tu, miaka 40 baada ya uhuru. Isitoshe, "flani" ni mtu asiyetajwa. Ukoo wa mtu asiyetajwa ni ukoo ambao yeyote anaweza kudai uzawa ndani yake.

Mwaka 2004 ukoo huu ulishiriki katika albamu ya Kilio cha Haki, iliyorekodiwa Eastlands kwa ushirikiano na asasi ya Kiholanzi. Msomi wa Kiswahili hawezi kulisikia jina hilo bila kukumbuka tamthilia ya Alamin Mazrui ya 1981, juu ya mapambano ya wafanyakazi wa shamba la mlowezi, ambayo mwandishi wake alitiwa kizuizini mwaka uliofuata. Ulinganisho huu hauwapendelei vijana wa Dandora kwa kila hali. Anayeongoza mapambano katika tamthilia ni mwanamke, Lanina. Katika ukoo, sauti za kike ni chache, na tabaka la wanyonge mara nyingi huzungumza kwa sauti ya kijana wa kiume. Kadhalika, uhuru wa kundi uliegemea kwa kiasi fulani fedha za wafadhili. Hakuna kampuni ya ndani iliyokuwa tayari kulipia hasira yao.

Baada ya Dandora Burning (2006) ukoo ulitawanyika polepole. Juliani, mmoja wa waliolelewa humo, aligeukia injili na kutoa Mtaa Mentality (2008) na Pulpit kwa Street (2011) kwa jina lake mwenyewe. Wako wanaoliona hilo kuwa usaliti. Sioni hivyo. Utungo wa jamii hauandiki mkataba wala haulipi kodi ya nyumba, na msanii aliyekomaa hana budi kutia sahihi.

Lililo zito kwetu ni suala la matini. Sheng huchakaa upesi: msamiati wa 1997 tayari unawatatiza wanafunzi waliozaliwa baada ya mwaka huo, na nimeona mwanafunzi wa Umoja, mtaa ulio karibu mno na Dandora, akihitaji faharasa ili aufuate wimbo huu. Wanaoweza kuitoa faharasa hiyo bado wako hai, na wengi wao wanafikika kwa ile matatu moja niliyoitaja.